Presha ya Saa Tatu

Muuguzi wa zahanati ya eneo la ujenzi hakuziamini namba nzuri. Namba mbaya hazikumsumbua: mtu mwenye presha mbaya alipewa barua, akatumwa hospitali, na shughuli ikaishia hapo. Namba nzuri ndizo zilizomkosesha raha, hasa zilipojirudia, na hakuna zilizojirudia kama za shemeji yake. Kila Jumatatu, saa tatu asubuhi, mume wa mdogo wake aliketi kwenye kiti cha chuma, akakunja mkono wa shati, akatulia dakika tano kama utaratibu ulivyotaka, na mashine ikatoa jibu lile lile: mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Wiki nyingine mia na ishirini kwa sabini na saba. Kwa miaka mitatu namba hizo hazikuwahi kupotoka.

Shemeji huyo aliendesha kreni, na wenzake walimwita Mwewe kwa sababu siku nzima alikuwa juu akiwatazama wengine vichwani. Alikuwa na miaka arobaini na sita, shingo nene na tumbo lililoanza kuupinga mkanda. Baba yake mzazi alifariki kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na moja. Mtu wa namna hiyo, muuguzi alijiambia, hapati presha ya mwanariadha bila kusaidiwa. Msaada aliouwaza ulikuwa wa vidonge.

Kanuni ya kampuni ilikuwa wazi. Mwendesha kreni ambaye presha yake imezidi mia na hamsini kwa tisini na tano hapandi. Chini ya mkono wa kreni walipita watu sitini kila siku, na tani mbili za nondo zikiwa hewani haziwezi kumsubiri mtu azinduke. Lakini asiyepanda kwa miezi mitatu huondolewa kwenye orodha, na waliokuwa wakiinyemelea nafasi ya Mwewe hawakuwa wachache. Nyumba ya mdogo wake, pamoja na watoto watatu na mama mkwe, ilitegemea kibanda kimoja cha kioo kilichokuwa mita sitini juu ya ardhi. Muuguzi alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana alitaka kuwa na hakika.

Mambo mawili yalimfanya aache kuwaza na kuanza kuchunguza. La kwanza lilikuwa simu ya mdogo wake. Mumewe alikuwa akiamka na kichwa kikimgonga kisogoni, na masikio yakimvuma mpaka amalize kunywa chai. Mdogo mtu alikuwa amekatazwa kumwambia dada yake, kwa hiyo aliomba dada mtu ajifanye hakusikia.

La pili lilitokea Alhamisi, na Fomeni, msimamizi wa mafundi, ndiye aliyelileta zahanati, akilisimulia kama kichekesho. Asubuhi hiyo waya wa kreni ulikwama. Mwewe alipanda na kushuka ngazi mara tatu kuutafuta ulipobanwa, na mara ya tatu alishuka mbio kwa sababu mawingu yalikuwa yameshaanza kunguruma. Alipofika chini akasimama wima kwenye meza ya daftari, akaanza kutia saini. Hakuimaliza. Uso ulimgeuka kijivu, magoti yakalegea, akateremka kando ya meza polepole kama gunia linaloshushwa kwa kamba. Baada ya dakika moja alifumbua macho na kuuliza nani kachukua kalamu yake. Watu walicheka, naye akacheka, na kazi ikaendelea.

Muuguzi hakucheka. Alikuwa amewahi kuwaona watu wanaomeza dawa za presha kwa kukisia, na walianguka hivyo hivyo. Vipande viwili vya habari vilikaa pamoja kichwani mwake vikakubaliana: presha ya juu nyumbani, na dawa ya kificho kazini. Siku hiyo hiyo alimpigia mdogo wake na kumwambia akague mifuko ya koti la kazi.

"Yaani unataka nimpekue mume wangu?" mdogo wake aliuliza.

"Nataka ulifue koti lake. Ukifua koti si lazima utoe vilivyomo?"

Ijumaa mchana mdogo mtu alileta vidonge vitatu vyeupe ndani ya leso, akiwa amevishika kama ushahidi wa mauaji. Muuguzi alivipeleka duka la dawa lililokuwa ng'ambo ya barabara. Mfamasia alikivunja kimoja, akakinusa, akakigusa kwa ncha ya ulimi, kisha akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe na kutoa pakiti ya vidonge kama hivyo.

"Vya kiungulia hivi, dada. Na mimi ndivyo vinavyonishikilia," alisema. "Nikuongezee?"

Mtu mwingine angeona aibu. Muuguzi aliona tu kwamba adui yake alikuwa mjanja kuliko alivyodhani.

Jumapili alikwenda kwa mdogo wake bila kualikwa, akiwa na mashine ya presha ndani ya mkoba. Alidai kwamba ni mpya na kwamba anataka kuizoea. Akawapima watoto mmoja mmoja, nao wakafurahi jinsi mkanda ulivyowabana. Akampima mama mkwe, ambaye alitumia nafasi hiyo kueleza maradhi yake yote tangu ujana. Mwishowe akamgeukia mwenye nyumba, aliyekuwa amejilaza kwenye kochi tangu asubuhi, miguu juu ya kiti kidogo, akisikiliza mpira redioni.

"Mimi si unanipima kila Jumatatu, shemeji?" Mwewe alisema. "Au Jumapili damu inabadilika?"

Hata hivyo alinyoosha mkono. Mashine ikanguruma, ikanyamaza, ikaandika mia na sitini na mbili kwa mia moja. Muuguzi alingoja, akapima tena. Mia na sitini. Akapima mkono wa pili. Mia na sitini na moja.

Mwewe aliitazama namba, kisha akamtazama yeye. "Hiyo ni presha ya kukuona wewe," alisema, na mkewe akacheka kuliko ilivyostahili, kwa sababu aliogopa.

Usiku huo muuguzi aliiweka hoja yake sawa. Nyumbani, bila dawa, mtu ana mia na sitini. Kazini ana mia na kumi na nane. Kwa hiyo kati ya nyumbani na zahanati kuna kitu anachomeza. Kama hakipo mfukoni, kinapanda naye ndani ya mkoba.

Jumatatu, kabla ya saa moja, alimkabili Fomeni langoni na kumtaka aupekue mkoba wa kila mwendesha kreni kabla hajapanda. Fomeni alikuwa mtu mpole, lakini swali hilo lilimkera. Alitaka kujua kama muuguzi amehamishiwa idara ya ulinzi. Hata hivyo aliupekua mkoba wa Mwewe mbele yake. Ndani mlikuwa na chupa ya maji, kitambaa cha kufutia kioo, na spana kubwa ya kilo nne. Mwewe alisimama pembeni akitazama mambo yake yakitolewa moja moja. Hakufanya mzaha wowote. Alirudisha vitu mkobani, akaufunga, akapanda.

Saa tatu alikuja na kuketi kwenye kiti cha chuma. Safari hii muuguzi aliiweka mashine kando, akachukua kipimo cha kujaza upepo kwa mkono, akatega masikio. Mia na kumi na tisa kwa sabini na tano. Akarudia kwa mashine. Mia na kumi na nane. Hakuna kilichomezwa, alikuwa na ushahidi wa macho yake. Hata hivyo mtu aliyekuwa mbele yake alikuwa na presha mbili, na moja kati yake ilikuwa ya mtu mwingine.

Alimtuma Mwewe akanywe chai, akafunga mlango, akampigia daktari wa moyo aliyesoma naye chuo kimoja zamani, kabla mwenzake hajaendelea na masomo. Alimweleza kila kitu: kichwa cha asubuhi, meza ya daftari, leso ya vidonge, kochi la Jumapili. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo nalo lilimtia muuguzi mashaka.

"Saa moja hadi saa tatu leo, alikuwa anafanya nini?" daktari aliuliza.

"Alikuwa kazini."

"Kazini anafanya nini?"

Muuguzi aliinua macho akatazama nje ya dirisha. Mnara wa kreni ulisimama pale pale ulipokuwa kila siku. Haukuwa na lifti. Ulikuwa na ngazi ya vipago mia mbili na kumi, na kila Jumatatu, kabla ya mzigo wa kwanza, mwendesha kreni aliukagua mwenyewe. Alipanda akiwa na ile spana ya kilo nne, akaifunga barabara kila nati ya kila ungio mpaka juu, akashuka akizijaribu tena, kisha akarudia upande wa pili. Kazi hiyo ilichukua saa moja na nusu na iliwatoa jasho hata vijana. Ikimalizika, mwendesha kreni alifuta uso na kuja moja kwa moja zahanati.

"Nadhani umeshapata jibu," daktari alisema. Kisha akalieleza taratibu, na muuguzi akaandika, kwa sababu mengine aliyasoma zamani na kuyasahau.

Mwilini, daktari alieleza, tayari kuna vipimo vya presha. Vimo kwenye kuta za mishipa mikubwa ya shingo na ule unaotoka moyoni. Ukuta ukitanuka, neva hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo, na shina la ubongo hujibu kwa neva nyingine: moyo upunguze mwendo, mishipa ilegee. Ukuta ukinywea, amri hugeuzwa. Hivyo presha hukaa karibu na alama moja, na ubongo ndio unaoiweka alama hiyo. Mtu akianza kupanda ngazi, ubongo hauisubiri misuli ilalamike. Unaiinua alama mapema, unauhimiza moyo, unaibana mishipa ya tumboni ili damu iende miguuni. Vipimo vya shingoni havilalamiki, kwa kuwa vimeambiwa kwamba leo kazi ni kubwa. Misuli nayo hutuma neva zake kudai zaidi.

"Sasa hapo ndipo ulipopotea," daktari alisema. "Akimaliza kazi, alama hairudi pale ilipokuwa. Inashuka chini zaidi. Neva zinaibana mishipa kidogo kuliko kawaida, na ile ya misuli inabaki wazi. Presha inakaa chini saa mbili, tatu, wengine zaidi. Na aliyekuwa nayo juu ndiye anayeshuka sana."

Hata anguko la Alhamisi lilikuwa na maelezo yake. Miguu inayotembea huisukuma damu kurudi moyoni. Ikisimama ghafla, mishipa ikiwa bado wazi, damu hujikalia miguuni, na kichwa hukosa fungu lake. Kama angezungukazunguka dakika chache kabla ya kutia saini, asingeanguka.

Muuguzi alishukuru na kukata simu. Alitoka nje, akamwita Mwewe, akamwambia akae. Akamtumia Fomeni ujumbe kwamba kreni haitasogea mpaka amalize. Fomeni alikuja mwenyewe, akaonyesha kidole kwenye mzigo wa nondo, akataja mafundi ishirini waliokuwa wamekaa bila kazi, akauliza ni nani atakayemjibu meneja.

"Mimi," alisema muuguzi.

Saa nne Mwewe alikuwa na mia na ishirini na tisa. Saa tano, mia na thelathini na nane. Hakufanya lolote ila kukaa, kupiga miayo na kusoma bango la kunawa mikono. Saa sita, mia na arobaini na tisa. Saa saba kamili, mia na hamsini na nane kwa tisini na saba. Muuguzi alizipanga namba hizo kwenye karatasi moja chini ya nyingine. Presha ilikuwa ikirudi kwake yenyewe, ngazi kwa ngazi.

Kisha akainua macho kutafuta kalenda, na macho yakaishia kwenye ratiba iliyobandikwa juu yake. *Waendesha kreni: Jumatatu, saa tatu, baada ya ukaguzi wa minara.* Ilikuwa kwa mwandiko wake. Aliiandika miaka tisa iliyopita, akaisifu mwenyewe, kwa sababu siku hiyo minara husimama kwa ukaguzi na vipimo havicheleweshi kazi. Alikuwa amemshuku mgonjwa, vidonge, mkoba, mashine, na hata ukimya wa daktari. Karatasi ile hakuwahi kuishuku hata siku moja.

Alimweleza Mwewe yote, bila kujificha. Mwewe alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Alipoinua uso, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Shemeji, hapo una namba tano. Andika ya saa tatu. Si uongo, umeipima wewe."

"Si uongo."

"Basi iandike. Nitatafuta dawa taratibu, sitamwambia mtu. Unajua nyumbani pakoje."

"Ukiwa juu saa tisa alasiri, hiyo ya saa tatu itakuwa imekwisha."

Mwewe alisimama. Alisema kwamba tangu siku ya posa alimwona dada mtu akimtazama hivyo, kama mtu anayekagua bidhaa yenye kasoro, na kwamba leo ameipata kasoro na roho yake itulie. Muuguzi hakubisha, kwa sababu kuhusu siku ya posa shemeji yake alisema kweli. Aliandika namba zote tano, kila moja na saa yake. Chini aliongeza kwamba kosa la ratiba ni lake, akataja miaka tisa, akatia saini.

Wiki ile aliwapima upya waendesha kreni wote kumi na mmoja kabla hawajagusa ngazi. Watatu zaidi walikutwa juu ya kiwango. Meneja alimwita, akamfokea, akampa onyo la maandishi, kisha akaipitisha ratiba mpya. Mwewe aliteremshwa chini kuwa mpiga ishara, akiwa na bendera mbili na kofia ya rangi ya chungwa, akimwelekeza kijana aliyekalia kiti chake. Alianza dawa kwa daktari wa moyo. Mdogo wake muuguzi hakupokea simu kwa siku kumi na moja.

Wiki ya tisa Mwewe alirudi zahanati akiwa na barua ya daktari: matibabu yanakwenda vizuri, uamuzi wa kupanda uachiwe kipimo cha kazini. Zilibaki wiki tatu jina lake lifutwe. Alikaa kwenye kiti cha chuma saa moja asubuhi, akatulia dakika tano, akanyoosha mkono. Mia na ishirini na nne kwa sabini na nane.

Muuguzi aliitazama namba ile, nayo ikamtazama. Ilikuwa nzuri mno. Akatazama shati la shemeji yake. Lilikuwa kavu, na jipya, na limepigwa pasi. Akatazama shingo. Nyuma ya sikio kulikuwa na mstari mwembamba wa chumvi.

"Umekuja na nini?" aliuliza.

"Na basi."

Alichukua simu na kumpigia mdogo wake mbele yake. Safari hii ilipokelewa. Aliuliza swali moja tu: mwenzako ameondoka saa ngapi na ameondokaje.

"Kwa baiskeli ya jirani," mdogo wake alisema. "Saa kumi na moja. Amebeba na shati la kubadilisha. Dada, usinifanye nikachukiwa humu ndani."

Muuguzi aliweka simu mezani. Mwewe aliangalia sakafu. Alikuwa amezunguka mji mzima kwa saa moja na nusu kabla ya kuja, na katika miaka yote waliyofahamiana hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumdanganya. Na muuguzi mwenyewe ndiye aliyemfundisha jinsi ya kufanya hivyo.

"Kaa," alisema.

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka iishe."

Walikaa. Wagonjwa waliingia na kutoka: kidole kilichopondwa, jicho lenye vumbi, mpishi wa kantini aliyetaka kujua tu kama Mwewe amekamatwa. Saa mbili ilikuwa mia na ishirini na saba. Saa tatu, mia na thelathini na moja. Mwewe alikuwa ameacha kutazama ukuta. Kila mkanda ulipojaa, aliinama kuiona namba kabla ya muuguzi. Saa nne, mia na thelathini na sita. Saa tano, mia na thelathini na nane kwa themanini na sita. Muuguzi alingoja hadi saa sita ili awe na hakika. Mia na thelathini na nane. Haikusogea tena.

"Ndiyo yenyewe hiyo?" Mwewe aliuliza.

"Ndiyo yenyewe."

Alifikiri kidogo. "Kwa hiyo ningekuja na basi tu."

"Ungekuja na basi tu, saa hizi ungekuwa juu." Akavuta fomu karibu. "Lakini baiskeli usiirudishe kwa jirani. Inakufaa. Uiendeshe ukitoka kazini, na ukifika usisimame ghafla."

Mwewe alianza kutabasamu, kisha akajizuia, kwa kuwa fomu ilikuwa bado haijaandikwa. Muuguzi aliinua kalamu. Aliandika saa kwanza, ndipo akaandika namba, kisha akatia saini na kumsogezea.